Uzi wa Mtindi

Siku tangi namba mbili lilipokataa kuganda, nililaumu watu. Ndivyo nilivyo: kitu kikiharibika namtafuta mtu kwanza, sababu nitaitafuta baadaye. Nilimwambia mwosha matangi kwamba ameacha sabuni ndani. Akaniapia kwa mama yake kwamba amesuuza mara tatu. Nikamgeukia mpokea maziwa, nikamwambia amepokea maziwa ya ng'ombe aliyetoka kuchomwa sindano ya dawa, ambayo hayagandi. Alileta daftari la vipimo, akalifungua mbele ya pua yangu, akasimama kando na mikono kiunoni. Nikabaki na kipimajoto, nacho hakina mdomo wa kujitetea, nikakilaumu mpaka saa sita mchana.

Kiwandani wananiita Bi Mbegu. Kazi yangu ni kutunza mbegu, yaani ule mtindi wa jana unaotiwa kwenye maziwa ya leo ili nayo yawe mtindi. Ndani yake mna bakteria wema, na hao ndio wafanyakazi halisi wa kiwanda. Sisi wengine tunawafagilia njia na kuwawashia joto. Nina chumba changu mwisho wa korido: kabati la joto, friji mbili, meza ya vigae vyeupe, na kiti ambacho mtu mwingine akikikalia tunakosana. Kazi hiyo niliisomea miaka miwili. Mbegu yenyewe sikuitoa chuoni. Ni ya Mama.

Mama aliianza jikoni kwake kabla mimi sijazaliwa. Kiwanda kilipojengwa walimchukua yeye pamoja na sufuria yake, maana mtindi wake ulikuwa na kitu ambacho wengine walijaribu kukiiga wakashindwa. Ulivutika. Ukiinua kijiko, uzi mwembamba ulikifuata kutoka bakulini, ukapanda nacho mpaka usawa wa kidevu, na ilikubidi uzungushe kijiko ili uukate. Watoto waliupenda kwa mchezo. Wagonjwa waliupenda kwa sababu uliteleza kooni bila kusumbua. Sisi nyumbani tulidhani mtindi wote duniani uko hivyo, mpaka tulipokula kwa jirani tukaona aibu kuuliza ule wao una kasoro gani.

Sasa Mama anakaa kwangu, amekula chumvi nyingi, na anasahau. Asubuhi ananiita nesi. Mchana ananiuliza mwenye nyumba amekwenda wapi. Chakula kingine anakikataa kwa kufunga mdomo na kugeuza uso, na ukimlazimisha anatema. Ila mtindi wake ukifika ulimini, anarudi. Sijui niliite jambo hilo vipi zaidi ya hivyo. Anazungusha kijiko, anakata uzi, ananitazama machoni na kusema, "Hili ni lile tangi la karibu na dirisha. Leo mmelinyima joto." Na huwa kweli. Kwa nusu saa nina mama. Ananiita kwa jina langu, anamsema Dada kwamba amenenepa, anataka kujua kwa nini niliachana na yule mume wangu ambaye Mama mwenyewe hakuwahi kumpenda. Kisha bakuli linaisha, naye anaondoka, na jioni mimi ni nesi tena.

Daktari alisema hana dawa ya kunipa. "Kinachopita kooni, kipitisheni," alisema, "na kama kinamrudisha, basi mna bahati kuliko wengi." Kwa hiyo tangi lilipokataa kuganda, wenzangu waliona kazi ya siku moja imeharibika. Mimi niliona ile nusu saa inaondoka.

Siku ya tatu matangi yote manne yalikuwa maziwa matupu, vuguvugu, yakitazama dari. Nikaacha kulaumu watu. Nilichukua maji ya njano yaliyojitenga juu ya tangi lililoharibika, nikayapitisha kwenye chujio laini ambalo bakteria hawezi kupenya, nikatia tone moja katika chupa ya maziwa yenye mbegu. Chupa ya pili nikaiacha bila tone. Saa nane mchana ile isiyo na tone ilikuwa imeganda vizuri. Yenye tone niliipindua, na maziwa yakamwagika mezani mpaka kwenye viatu vyangu.

Kilichopenya kwenye chujio kile ni kidogo kuliko bakteria. Ni virusi. Si virusi vya watu, wala havimdhuru anayekunywa. Ni virusi vinavyowawinda bakteria tu. Kimoja kinamshika bakteria, kinaingia, kinazaliana humo ndani, kinampasua, na vinatoka vingine mia kutafuta bakteria mia wengine. Hadi mchana tangi zima limebaki bila mfanyakazi.

Meneja wetu jina lake la kiwandani ni Bwana Tarehe, kwa sababu ukimwambia umefiwa atakuuliza tarehe ya mazishi kabla ya pole. Alikuja kwenye chumba changu na kusimama mlangoni, kwa heshima ya kile kiti.

"Bi Mbegu, nipe tarehe."

"Tarehe ya nini, Meneja?"

"Ya mtindi kurudi. Maduka yananipigia tangu alfajiri. Zipo mbegu za unga, za pakiti, zimechaguliwa na wataalamu, virusi haviziwezi. Niagize, tuoshe kila kitu kwa dawa, tusahau habari hii."

"Na mbegu ya Mama?"

Alijikuna shingo. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu mbaya ningemjibu. "Mama yako ndiye aliyenifundisha kushika mwiko," alisema. "Lakini watu wanataka mtindi, hawataki kumbukumbu zetu."

Mtindi wa pakiti nilishaujaribu. Nilinunua kopo dukani siku ya pili ya balaa, nikaujaza kwenye bakuli lake lile lile. Mama aliutema kwenye kitambaa na kuniuliza kwa nini hospitali hii ina chakula kibaya.

"Nipe siku kumi," nikamwambia Meneja. "Nitachagua humo humo ndani ya mbegu ya Mama. Katika bakteria mamilioni huwa wapo wachache ambao virusi haviwagusi. Nitawatafuta hao, nitawalea, tutawarudisha kwenye matangi."

Akatazama kalenda yangu ukutani, akahesabu kwa kidole. "Jumamosi ya wiki ijayo. Saa nne asubuhi."

"Saa nne. Usije saa tatu."

Nyumbani kwenye friji nilikuwa na makopo matano ya mtindi wa kabla ya balaa. Nilijaribu kuotesha mbegu kutoka kopo moja. Ikaganda siku ya kwanza, siku ya pili ikafa. Virusi vilikuwa humo tayari, vichache, vikingoja. Yalibaki makopo manne, na Mama alizoea kopo moja kwa siku. Nikaanza kumpa pungufu. Nilimwambia tumebadilisha bakuli, ndiyo maana linaonekana dogo. Alilitazama bakuli, akasema, "Wewe tangu utotoni hujui kudanganya," na ikawa siku njema kwa sababu alikumbuka utoto wangu.

Kazi ya kuchagua ni rahisi kuieleza. Unachanganya mbegu na maji yenye virusi, unaimwaga kwenye visahani vya kioo vyenye maziwa yaliyogandishwa kama jeli, unaviweka kwenye kabati la joto, unangoja. Karibu wote wanakufa. Anayebaki anazaliana pale pale alipo mpaka ukoo wake unaonekana kwa macho, kidoa cheupe kisichozidi punje ya mtama. Kila kidoa ni ukoo mmoja, uliotoka kwa mmoja aliyenusurika. Unakigusa kwa ncha ya kijiti, unakihamishia kwenye chupa yake ya maziwa, unakipa namba, unakitilia virusi tena uone kama kunusurika kwake kulikuwa kwa kweli au kwa bahati tu.

Asubuhi ya siku ya pili visahani ishirini vilinipa vidoa ishirini na sita. Nilipiga kigelegele peke yangu. Mwosha matangi alichungulia, ufagio mkononi, kuona kama Bi Mbegu amerukwa na akili.

"Wamepona?" aliuliza.

"Wamepona ishirini na sita."

"Kati ya wangapi?"

"Usiniharibie asubuhi yangu," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze tukacheka wote.

Siku hiyo hiyo kumi na mmoja walikufa. Kesho yake kumi. Nilibaki na watano, na kati ya hao namba kumi na saba alikuwa maajabu. Nilimmiminia virusi kwa kijiko kizima, akagandisha maziwa kwa saa tano kana kwamba nimemtilia maji ya kunywa. Nilimpima uchachu kila saa, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena kwa sababu sikuamini. Nilianza kumtaja namba kumi na saba kiwandani kama mtu anavyomtaja mtoto wake aliyefaulu mtihani. Mpokea maziwa aliniuliza kama nimeshamkatia nguo za shule.

Kulikuwa na kipimo kimoja nilichokuwa nakikwepa. Naweza kukiri sasa. Ni kipimo cha kijinga, hakihitaji mashine: unakigusa kidoa kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno na kukiinua polepole. Kama ni ukoo wa mtindi unaovutika, uzi unakuja. Kila nilipoingia chumbani nilijiambia, kwanza waishi, habari ya uzi itafuata.

Siku ya tano nilifunga mlango, nikakaa kwenye kiti changu, nikachukua kijiti. Namba kumi na saba nikamgusa. Kijiti kikapanda kikavu. Nikamgusa upande wa pili. Kikavu. Namba nne, namba tisa, namba kumi na mbili, namba ishirini na mbili, wote vile vile. Nikavirudia visahani vya mwanzo nilivyokuwa nimevihifadhi kwenye friji, nikawagusa hata wale ambao chupa zao zilikwisha kufa. Watatu kati ya ishirini na sita walivuta uzi, mrefu, mzuri, ule ule ninaoufahamu. Watatu hao walikuwa wa kwanza kufa.

Sikuliacha jambo hilo hapo. Niliandaa visahani arobaini zaidi, nikawa natafuta wanaovutika tu. Nilipata saba. Niliwapa virusi kesho yake saa tatu asubuhi, na saa sita hapakuwa na hata mmoja.

Nikampigia simu Mwalimu, yule aliyenifundisha chuoni. Amestaafu, anafuga kuku, na nyuma ya sauti yake niliwasikia wakigombana.

"Umechagua vizuri," alisema baada ya kunisikiliza. "Kosa halimo kwenye kuchagua."

"Limo wapi, Mwalimu?"

"Huo uzi ni nini? Ni koti. Bakteria wa mama yako wanajivika koti la utelezi, na makoti hayo yakishikana ndiyo yanavuta uzi. Sasa virusi havina macho, vinapapasa. Na vinachokishika ni koti lile lile. Hao watano wako hawana nguvu kuliko wenzao. Wamevua koti tu."

"Kwa hiyo nikitaka wenye koti…"

"Watashikwa."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Ukiwa na maabara kubwa na miaka mitatu. Una muda gani?"

"Siku nne."

Nilimsikia akiwafukuza kuku, kisha akarudi kwenye simu. "Mchukue namba kumi na saba," alisema. "Ni bakteria mzuri. Watu wengi wangemshangilia."

Siku hiyo jioni nikampa Mama kopo la mwisho. Sikulipunguza. Nililimimina lote kwenye bakuli, nikamwekea mto mgongoni, nikakaa karibu yake. Alizungusha kijiko, akakata uzi, akameza, na macho yake yakatulia usoni kwangu.

"Mbona umekonda?" aliuliza.

"Kazi, Mama. Mbegu inakufa."

Hakushtuka. Aliendelea kula, akiwaza kama alivyokuwa akiwaza zamani akisimama mbele ya tangi. Kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote aliyefanya kazi chini yake angelijua.

"Umerudisha kikombe?"

Kurudisha kikombe ni sheria ya Mama. Kila tangi likiisha, unachota kikombe kimoja cha mabaki yake, mtindi na maji yake, unakimimina kwenye tangi linalofuata, juu ya mbegu uliyokwisha kutia. Alisema maziwa ya leo lazima yajue ya jana yalikuwaje. Nilipotoka chuoni nilijua kwamba kikombe hicho ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kuhamisha ugonjwa kutoka tangi hadi tangi. Nilijua, nikanyamaza. Mama alikuwa bado anakuja kiwandani kila Ijumaa, wafanyakazi wakimpigia makofi, na alikimimina kikombe hicho kwa mkono wake mwenyewe, uso ukimng'aa. Ningemwambiaje? Alipoacha kuja nilikimimina mimi kwa niaba yake. Mimi ndiye mtu niliyekuwa namtafuta siku ya kwanza, wakati nawalaumu wengine.

"Nimerudisha, Mama," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi itapona," akasema, akanishika kiganja. Aliniuliza habari za Dada, akacheka jambo ambalo sikulisikia vizuri, akakwangua bakuli mpaka likawa safi. Nilitamani chini yake kuwe na bakuli jingine. Baada ya robo saa aliuachia mkono wangu na kuniuliza kama zamu yangu imekwisha.

Kesho yake nilikwenda kwa Dada. Nilikuwa na akiba moja ambayo sikuwa nimemtajia mtu. Miaka miwili iliyopita, nilipoona Mama anaanza kupotea, nilijaza chupa ya mbegu safi nikaipeleka kwenye friza ya Dada, nyumba ya mbali na kiwanda, nikamwambia aitunze. Sikuigusa wiki hiyo yote kwa makusudi. Kuipeleka kiwandani kulikuwa ni kuiua, na hata nguo zangu zilikuwa zimejaa virusi. Lakini kwa Mama sikuhitaji kiwanda. Nilihitaji sufuria moja, jiko la Dada na mikono ya Dada, mimi nikisimama nje ya dirisha nikimwelekeza. Kopo moja kwa siku. Matangi yachukue namba kumi na saba, Mama achukue uzi wake. Njiani niliipanga hesabu yote, nikatabasamu peke yangu kama mwehu.

"Ile chupa ipo?" nilimuuliza Dada kabla hata ya salamu.

"Karibu kwanza, wewe vipi? Ipo." Alijifuta mikono, akaenda kwenye friza, akarudi nayo imefungwa kitambaa safi, namna mtu anavyobeba kitu cha thamani. Kifuniko hakikuwa kile nilichoweka mimi.

"Dada, umeifungua?"

"Sijaiacha hivi hivi," alisema, na alikuwa na fahari usoni. "Wewe ulidhani mimi sijui kazi ya Mama kwa sababu sikusoma? Kila mwisho wa mwezi naiyeyusha, naitilia kikombe cha mtindi ule mnaoniletea kutoka kiwandani, nairudisha. Miaka miwili sikukosa hata mwezi. Mwezi huu nilifanya Jumapili ile kabla matangi yenu hayajaharibika."

Nilimtukana. Siwezi kuandika niliyoyasema. Nilimwita mpumbavu na mengine mabaya kuliko hilo, mbele ya nyumba yake mwenyewe, mimi mdogo wake. Alisimama na chupa ile mkononi akingoja nimalize, bila kuelewa.

"Mdogo wangu, nimefanya kama Mama alivyotufundisha," alisema mwishoni, na machozi yakaanza kumtoka. "Nimekosea wapi?"

Hasira ikaniishia. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wake. Alikuwa hajakosea popote. Kati yetu wawili ni mmoja tu aliyekuwa anajua, na hakusema.

Tuliijaribu hata hivyo. Dada aliosha sufuria, akachemsha maziwa, akayapooza mpaka kidole kikavumilia, akatia mbegu ya ile chupa. Tulikaa, yeye mezani na mimi nje ya dirisha, tukiitazama sufuria iliyofunikwa kitambaa kama watu waliokaa na mgonjwa. Saa tisa alasiri akafunua. Akainamisha sufuria upande mmoja, na maziwa yakaja yote pamoja, meupe, mepesi, mpaka ukingoni.

"Labda tuongeze muda," alisema.

"Ongeza," nikamwambia. Sikuwa na moyo wa kumwambia vingine.

Jumamosi saa nne kamili Meneja alikuja. Nilikuwa nimejaza tangi namba mbili kwa namba kumi na saba tangu saa kumi alfajiri, na kwa makusudi nilikuwa nimemimina humo ndoo ya maji ya tangi lililoharibika. Liliganda. Meneja alichota kwa bakuli, akaonja, akachota tena. Mwosha matangi akaonja. Mpokea maziwa akaonja, akasema mwanangu huyu amefaulu kwa alama za juu. Watu walikuja kutoka kwenye ufungaji na kwenye magari, kila mmoja na kijiko chake.

"Ni mwepesi kidogo," alisema Meneja, "lakini mzuri. Na ni mbegu ya Mama kweli?"

"Ni ukoo wake," nikasema. Haukuwa uongo.

"Basi Mama ameokoka!" akapaza sauti, na kiwanda kizima kikapiga makofi. Mwosha matangi alicheza na ufagio wake. Walinibeba juujuu, watu wazima, mpaka mlangoni, wakaniambia nikampelekee Mama bakuli la kwanza. Nilijikaza kisabuni, nikapunga mkono. Ni kweli nilikuwa nimefanya kazi nzuri, sitajifanya mnyenyekevu. Matangi manne yalikuwa na wafanyakazi tena na hakuna kirusi ambacho kingewagusa. Niliutaka ushindi ule uwe wangu, nikawa nautazama tu kama harusi ya watu.

Mama alikuwa hajala tangu lile kopo la mwisho, isipokuwa chai ya sukari ambayo Dada, aliyekuja kwangu kumuuguza, alimnywesha kwa kijiko. Alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka, amepungua mpaka pete inamcheza kidoleni. Dada alimwinua, akamwekea mto. Nikamimina mtindi kwenye bakuli lake, nikamshikisha kijiko chake.

Alichota. Aliinua kijiko mpaka usawa wa kidevu, akangoja. Kisha akakizungusha, polepole, mara mbili, kuukata uzi ambao haukuwepo. Akatia mdomoni, akameza. Nilimtazama machoni nikiwa na uhakika wa kipumbavu kwamba ataniambia hili ni tangi la karibu na dirisha, mmelinyima joto.

Mama alikirudisha kijiko bakulini kwa adabu, bila kukigonga ukingoni. Akajifuta midomo. Akaninyooshea bakuli kwa mikono miwili, namna mtu anavyorudisha chombo cha jirani, akatabasamu lile tabasamu alilokuwa akiwapa wageni wasiokaa sana.

"Asante sana, binti," alisema. "Umesumbuka kuja. Wasalimie nyumbani kwenu."

Nikasema salamu zitafika. Hakuna jibu jingine analopewa mtu mzima aliyekusalimia vizuri. Dada alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alisikia yote, akaweka kikombe chini, akatoka. Mama akageuza uso ukutani, akafunga macho, nami nikabaki na bakuli mikononi, limejaa.